Insha Iliyotoka Mtandaoni

Mwalimu Anton alikuwa na ugonjwa mmoja usio na dawa: hakuweza kuvumilia insha ya kunakili. Sisi wengine tukikuta mwanafunzi kabandika maneno ya mtandaoni, tunachora mstari mwekundu na kwenda zetu kunywa chai. Anton alikuwa anaumia kabisa, kama mtu aliyeibiwa. Ataingia ofisini na daftari mkononi, atakusomea sentensi nzuri ya Kiingereza, kisha atakuuliza kwa uchungu, "Sasa Mwalimu Recheli, huyu mtoto wa Goweko theluji ameiona wapi?"

Mimi ndiye Recheli. Nafundisha Kiswahili katika Sekondari ya Kilimawe, shule ya kata iliyo upande wa pili wa reli kutoka Goweko, na wanafunzi wananiogopa kidogo, jambo ambalo sijawahi kulijutia. Anton anafundisha Kiingereza darasa la jirani. Ukuta wetu mwembamba, kwa hiyo kazi yake nimeisikia karibu yote, nipende nisipende.

Kwao ni Ipuli, mjini. Ujanani aliutaka uandishi wa habari kwa nguvu zote, lakini alichopata ni kibarua katika redio moja ndogo, kusoma matangazo ya vifo. Ana sauti nzuri, ya kutulia, ya kufaa msibani. Kila jioni alitangaza kwamba fulani bin fulani amefariki dunia baada ya kuugua ghafla. Siku moja akaletewa tangazo la kijana wa mtaani kwao, ambaye mtaa mzima ulijua amekufa kwa kipigo, na karatasi ikasema ameugua ghafla. Alilisoma hivyohivyo, kisha akaacha kazi, akaenda chuo cha ualimu. Aliponisimulia nilimtania kwamba amekimbia uongo wa redio akaja kwenye uongo wa ripoti za shule. Alicheka, lakini si sana.

Alipofika Kilimawe akaanzisha Klabu ya Wanahabari. Alipigilia ubao nje ya ofisi, akauita gazeti la ukutani, na watoto wakawa wanabandika habari zao hapo: kisima kimekauka, treni imegonga ng'ombe wa mtu, mwalimu fulani huchelewa. Huyo mwalimu fulani alikuwa mimi. Nilinuna wiki nzima.

Vitabu vya kufundishia mambo hayo hatukuwa navyo, basi Anton akategemea mtandao. Jumamosi anakwenda kwa dada yake Ipuli, ambako mtandao haukatiki, anajaza simu masomo ambayo walimu wa nchi nyingine wanayaweka bure: namna ya kuhoji mtu, namna ya kutofautisha habari na maoni, namna ya kuthibitisha jambo kabla hujaliandika. Akipita mtaa wa Ng'ambo, hukohuko mjini, anachapisha machache, anarudi nayo amefurahi kama aliyetoka mnadani na mbuzi wa bei ya kutupa. Pamoja na masomo hayo zilikuja mada za mjadala, na hapo ndipo tulipopata vituko. Je, masomo yaanze baadaye asubuhi ili wanafunzi walale vya kutosha? Je, mkahawa wa shule uache kuuza soda? Je, shule ifungwe theluji ikizidi? Watoto wetu wanaamka na jogoo kwenda kuchota maji, na mkahawa wetu ni sufuria la makande. Watasema nini juu ya theluji? Walikwenda hukohuko mtandaoni, wakaokota majibu ya watoto wa Ulaya, wakayaleta. Mimi sikuwalaumu.

Simu shuleni ni marufuku, kwa hiyo Anton alikusanya namba za wazazi na kufungua kundi. Jioni anatuma mada, mtoto anaomba simu ya baba, anaandika jibu lake. Kulikuwa na masharti mawili tu. La kwanza, usitaje jina la mtu. La pili, andika kwa Kiingereza. Baba anaona simu imejaa maneno asiyoyaelewa, anafurahi kuwa mtoto anasoma, na mambo yanaishia hapo. Kiingereza kilikuwa uzio, na nyuma ya uzio ule watoto walianza kuandika mambo ambayo kwa Kiswahili wasingethubutu. Anton aliuamini uzio huo mno.

Siku moja akaja ofisini anasugua viganja.

"Nimepata dawa yao, Mwalimu. Mada ya wiki hii nimeitunga mwenyewe. Eleza siku moja ya kazi katika shamba lenu la tumbaku. Hiyo wataipata wapi ya kunakili?"

"Utasomewa jembe na jua," nilimwambia.

"Bora jembe na jua vya kwao."

Miongoni mwa waliojibu alikuwamo Tekla, binti wa Kidato cha Nne. Baba yake, Raymundi, ni mkulima wa tumbaku, mzee wa kanisa la Moraviani na mjumbe wa bodi ya shule yetu. Msimu uliotangulia familia hiyo ilifiwa na mtoto, Julieth, mdogo wake Tekla, aliyekuwa darasa la sita. Tuliambiwa ni malaria iliyopanda kichwani. Mama yao, Benedikta, alikuwa Nzega kumzika mjomba wake. Aliporudi alikuta jeneza limeshafungwa. Kwenye matanga nilikwenda nyuma ya nyumba kusaidia kuosha vyombo, nikaona katika shimo la taka bomba la kupulizia dawa, lile la kubeba mgongoni, limekatwakatwa kwa shoka. Nilishangaa, maana bomba si kitu cha kuchezea. Nikadhani ni wazimu wa msiba, nikaendelea kuosha sahani.

Anton alinipa simu nisome. Tekla alikuwa ameandika kwa Kiingereza chepesi, safi, bila jina hata moja. Alisema mdogo wake alipewa bomba apulizie tumbaku dawa ya wadudu kwa sababu yeye Tekla alikuwa na mtihani wa majaribio. Bomba lilivuja. Mtoto akasema mgongo unamwasha, nguo imelowa. Baba akamwambia amalizie mistari iliyobaki ndipo akaoge. Jioni akaanza kutetemeka na kutokwa mate. Akapewa maziwa. Tekla akaomba wampeleke zahanati. Baba akasema huko wataulizwa, na kampuni inayonunua tumbaku yao imekataza watoto kuigusa, ikisikia itawafutia mkataba, watakula nini? Wakangoja maziwa yafanye kazi. Mtoto alilala mapajani mwa dada yake. Akauliza mama anarudi lini. Dada akasema kesho. Mtoto akasema, basi nitamsubiri.

Insha iliishia hapo. Nilisoma mara moja tu, na sikutaka kurudia.

"Hii hakuinakili," Anton alisema. Alikuwa analia, mtu mzima, mchana, mlango uko wazi.

Nilimuuliza atafanya nini. Alisema lazima kwanza aongee na mtoto mwenyewe, asiende polisi wala popote bila ridhaa yake, na kwa kuwa likizo ya Pasaka ilikuwa imeanza, atangoja shule ifunguliwe. Lilikuwa jibu la mtu mwenye busara. Lakini Pasaka haikupita salama.

Raymundi ana mdogo wake anayeitwa Masolwa, muuza simu kule Ng'ambo. Alikuja kula sikukuu kwa kaka yake, akamwonyesha kwamba simu yake ina uwezo wa kugeuza Kiingereza kuwa Kiswahili na kukisoma kwa sauti. Raymundi alifurahi kweli. Miaka yote binti yake anaandika Kiingereza kwenye simu hiyo, na yeye hajawahi kuonja hata neno. Akaita majirani. Akawaambia wakae, wasikie Tekla wake anavyoandika. Tekla alikuwa kisimani. Nani angemzuia? Baba wa watu alitaka kujivunia mtoto.

Sikuwapo, ila walionihadithia ni wengi na wote wanasema yaleyale. Simu ilisoma kwa sauti ya mwanamke asiye na haraka wala huruma. Kiswahili chake kilikuwa kibovu cha kutisha. Maziwa yaliitwa kinywaji cha ng'ombe na mapaja yakaitwa miguu ya juu. Mwanzoni watu walicheka. Benedikta alikuwa anabangua karanga kwenye ungo. Kicheko kilipokatika, mikono yake nayo ilisimama. Hakuna aliyetoka, na hakuna aliyejua kuizima ile sauti mpaka ilipomaliza. Kisha Benedikta akamwambia shemeji yake, kwa upole, "Irudishe pale mwisho." Masolwa akatazama chini. Raymundi akanyakua simu.

Shule ilipofunguliwa Tekla hakuonekana. Aliyekuja ni baba yake, moja kwa moja kwa mkuu wa shule, na ukuta wa ofisi ile nao ni mwembamba.

"Mwalimu wako anawafundisha watoto kuwazushia wazazi wao mauaji," alisema. "Majirani wamesikia. Afisa wa kampuni akisikia, mimi nimekwisha. Sasa ni hivi: Tekla asimame mbele ya watu walewale aseme ni uongo, ama shule basi, na huyo mwalimu tutaonana naye mbele."

Tekla alikataa. Alimtuma mwenzake alete ujumbe wa maneno machache: mwambieni Mwalimu sikusema uongo. Mtihani wa taifa ulikuwa Novemba, na yeye ndiye mwanafunzi pekee ambaye sote tulikuwa na hakika atafaulu vizuri. Huko nyumbani alikuwa ameshapewa jembe. Mkuu wa shule alikuwa anataka amani tu; angekubali amani ya aina yoyote. Nilipomwambia kuwa kuna mtoto amekufa hapo, aliniambia, "Mwalimu Recheli, aliyekufa amekufa, tumwokoe aliye hai." Nilitamani kumrushia kifutio. Kilichoniudhi zaidi ni kwamba maneno yake yalikuwa na ukweli ndani yake.

Anton ndiye aliyepata njia. Alinieleza huku anatazama dirishani.

"Aseme ameinakili."

"Nani?"

"Tekla. Aseme ameiokota mtandaoni. Haina jina la mtu wala la mahali. Tumbaku inalimwa nchi nyingi. Majirani wote wanajua watoto hunakili, nimewapigia kelele mimi mwenyewe kwenye vikao vya wazazi. Wataamini papo hapo. Raymundi anatafuta mlango wa kutokea, Mwalimu. Tumfungulie."

"Na wewe utathibitisha?"

"Nitathibitisha."

Nilimwambia ni upuuzi. Nilimwambia mada hiyo ameitunga yeye ili isinakilike, na sasa ataapa kuwa imenakiliwa. Alisema anajua. Nikamuuliza kama na Julieth naye ameokotwa mtandaoni. Alichukua koti lake akaenda kumtafuta Tekla kisimani, akarudi uso umemkunjamana, akasema tu, "Nimemwambia cheti kwanza. Akishakuwa na cheti, ukweli atausema popote." Sidhani kama hata yeye aliyaamini maneno hayo, lakini mtoto aliyaamini, kwa sababu Mwalimu Anton hakuwahi kumdanganya.

Tulikutana katika darasa la Kidato cha Pili. Mkuu wa shule alikaa mbele, Raymundi pembeni yake katika suti ya kanisani. Majirani walijibana kwenye madawati ya watoto, na Masolwa alikuwapo pia. Benedikta alikaa nyuma kabisa, peke yake, khanga imemfunika mpaka kidevuni.

Anton alisimama. Alisema amefanya uchunguzi. Alisema insha hiyo ameikuta mtandaoni, imeandikwa na mwanafunzi wa nchi nyingine inayolima tumbaku, na kwamba Tekla aliinakili ili apate alama. Aliomba radhi kwa wazazi kwa kutokagua mapema. Alisema yote hayo kwa ile sauti yake nzuri ya redioni, na mimi nilikaa pale nikaisikia inafanya kazi. Majirani walianza kutikisa vichwa na kusonya. Mmoja akasema, "Hawa watoto wa simu hawa!" Hata kicheko kidogo kikasikika.

"Tekla," mkuu akaita. "Uliinakili?"

Tekla alimtazama Mwalimu wake. Alikuwa amekonda. Anton akainamisha kichwa kidogo, kuitikia.

"Ndiyo," akasema.

Raymundi alishusha pumzi ndefu, akajifuta uso kwa leso. Nilimchukia mtu yule tangu siku ya kusoma insha, na bado ninamchukia, lakini kwa kitambo kile nilimwonea huruma, maana alionekana kama mfungwa aliyefunguliwa kamba. Mkuu wa shule alikuwa ameshaanza kukusanya karatasi zake.

Ndipo Benedikta akasimama kule nyuma.

"Naomba kuuliza," akasema. "Mimi sijasoma, mnisamehe. Tekla, mwanangu. Niliporudi kutoka Nzega niliuliza mwenzako alisema nini mwishoni, mkaniambia hakusema kitu, alikuwa hana fahamu. Halafu kwenye simu nikasikia aliniulizia. Nikasikia amesema atanisubiri." Akamtazama binti yake. "Napo hapo umepatoa huko mtandaoni?"

Nilimtazama Anton, midomo ilikuwa wazi lakini sauti yote ile ilikuwa imemkimbia. Hilo hakulifikiria. Wala mimi sikulifikiria, na nilikuwa na siku nzima ya kulifikiria. Raymundi alikuwa anamtazama binti yake kwa macho ya kuomba, na sijui aliomba aseme nini.

"Ndiyo, mama," Tekla akasema. "Napo."

"Haya," Benedikta akajibu. "Ahsante." Akakaa.

Tekla alirudi darasani siku iliyofuata. Novemba akafanya mtihani, akafaulu, akapangiwa Kidato cha Tano mkoa mwingine kabisa, masomo ya sayansi. Aliondoka bila kuja kutuaga. Tangu siku ya kikao hakuwahi kuandika kitu kwenye ubao wa klabu, na katika mitihani ya Anton alijibu tu kilichoulizwa. Raymundi bado analima tumbaku, bado ni mzee wa kanisa. Kampuni haikusikia kitu.

Anton hakufungwa wala hakuhamishwa. Pengine angepona zaidi kama wangemhamisha. Kundi la simu analo bado, na jioni anatuma mada kama alivyozichukua kwa walimu wa nje: soda, theluji, usingizi wa asubuhi. Watoto wananakili majibu, naye anawapa alama. Ubao wa gazeti la ukutani tunabandikia ratiba ya usafi. Siku hizi haji tena ofisini kuniuliza theluji wameiona wapi.

Mvua za mwaka huu zilipoanza, tulikuwa ofisini wawili tunasahihisha, Benedikta akabisha hodi. Alikuwa na kikapu kidogo cha karanga mbichi.

"Mwangaluka, walimu."

Tukaitikia, tukampa kiti. Aliuliza habari za nyumbani kwa kila mmoja, akasema Tekla amepiga simu, mzima, anasoma. Akasema mvua nayo si mbaya. Kisha akawa anavuta pindo la khanga, mpaka nikadhani amekuja kuomba kitu cha aibu.

"Mwalimu," akamwambia Anton, "ile hadithi bado unayo? Ile ya mtoto wa nchi ya watu."

Anton alisema anayo.

"Nisomee. Ile simu ilisoma vibaya."

Aliitafuta kwenye simu. Alisoma sentensi moja kwa Kiingereza, nami nikaiweka kwa Kiswahili, kisha nyingine, na nyingine. Maziwa nikayaita maziwa. Benedikta alisikiliza macho yakiwa sakafuni. Tulipofika kwenye mgongo unaowasha alifunga macho, lakini hakutuzuia. Tulipomaliza alitingisha kichwa taratibu.

"Maskini mtoto wa watu," akasema. "Na huyo mama yake, alikuwa wapi?"

Hilo halimo kwenye insha. Anton akajibu bila kufikiri, "Alikuwa msibani, mama. Hakuambiwa kitu. Hana kosa."

Benedikta alimtazama kwa muda mrefu. Kisha akavuta kikapu cha karanga karibu na meza yetu.

"Haya," akasema. "Nisomee tena pale anaposema atamsubiri."

Anton hakuweza. Niliichukua simu mkononi mwake, nikasoma mimi, kwa Kiswahili, polepole.